Peugeot 504 Coupé: tuitoe injini au tuifufue?

MWENYE GARI: Niseme kwanza nilicho nacho. Peugeot 504 Coupé ya mwaka 1972, lita mbili, silinda nne, usukani kushoto, imetoka Ubelgiji. Bodi imekwisha kunyooshwa na kupuliziwa rangi, viti vimeshonwa upya. Injini imekamata, ukiweka spana kwenye puli ya mbele ukaning'inia, haitikisiki. Nina fedha za kazi moja kubwa, sina za mbili. Ama niifufue injini yake, ama niitoe niweke nyingine ya petroli, ama niingize mota ya umeme. Sitafuti pambo la uani. Nataka kutoka hapa Kigali kwenda nalo Huye na kurudi siku hiyo hiyo, watoto wakiwa kiti cha nyuma.

MHIFADHI: Ifufue. Hilo si 504 ya kawaida iliyopunguzwa milango. Pininfarina walilichora wakiwa Turin, wakafupisha umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kwa karibu sentimita 20, wakaunda bodi zao wenyewe na kuzipeleka kiwanda cha Peugeot cha Sochaux zikafungwe mashine. Kuanzia 1969 hadi 1983 zilitoka kama 31,000 tu, ukijumlisha na zile za paa la kukunja. Mashine yake imelazwa nyuzi 45 ubavuni, nayo boneti ikapata kukaa chini vile. Umbo na injini vilizaliwa pamoja. Ukitoa kimoja, kilichobaki ni ganda zuri.

FUNDI WA GATSATA: Ndugu yangu, ganda zuri linalotembea naliheshimu kuliko gari kamili lililolala juu ya matofali. Hapa Gatsata nimeona magari mengi ya namna hii. Mwenyewe anaapa ataweka kila kitu cha asili, anasubiri spea miaka, panya wanakula wayaringi, kutu inapanda kutoka sakafuni, halafu siku moja linauzwa kwa kilo. Huo uasili ulimsaidia nani?

MHIFADHI: Lakini mzee mwenzangu unaijua injini hii. Bloku ni chuma, ndani yake kuna slivu zinazozungukwa na maji na kuchomolewa kwa mkono. Ikikamata, mara nyingi ni ringi zimeshikana kwa kutu na ukuta wa slivu. Hupeleki bloku kukerezwa. Unavuta slivu nne na pistoni zake, unaweka seti mpya, unapima zisimame juu ya bloku kiasi kinachotakiwa, unafunga. Hedi ni ya aluminiamu, viti vya valvu vimepachikwa vya chuma kigumu, kwa hiyo petroli hii isiyo na risasi, tuliyo nayo tangu 2006, haitaivuruga. Na seti za slivu bado zinauzwa, kwa sababu 504 iliendelea kuunganishwa Nigeria na Kenya mpaka miaka ya 2000. Umewahi kufanya kazi rahisi kuliko hiyo?

FUNDI WA GATSATA: Kwa slivu sina neno. Nilianza na za 404 kabla ya 504. Lakini umeruka kitu kimoja makusudi. Gari la huyu mdogo wangu halina kabureta. Lina pampu ya Kugelfischer inayosukuma petroli kwa mitambo mitupu, bila kompyuta, bila sensa. Pistoni ndogo nne ndani yake zimekerezwa kwa usahihi ambao mashine za hapa mtaani hazifiki. Ikikaa na petroli iliyooza miaka 20, inafia ndani. Kuitengeneza unahitaji benchi la kupimia, na mtu anayejua kulitumia. Utaituma Ulaya. Ikirudi, imepimwa kwa hewa ya Ulaya. Kigali tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyembamba, injini yoyote isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu, na pampu iliyopimwa kule itamwaga petroli kuliko inavyotakiwa. Nani ataisahihisha? Wewe?

MHIFADHI: Kama pampu imekufa kabisa, unaiweka sandukuni na kufunga menifoldi na kabureta ya 504 saluni. Zinaingia kwenye hedi kwa bolti. Unashuka kutoka farasi 104 hadi kama 93, basi. Kabureta kila fundi anaijua. Unabadilisha jeti, unaifanyia hesabu ya mwinuko wa Kigali, unaondoka.

FUNDI WA GATSATA: Ahaa. Kumbe na wewe unabadilisha.

MHIFADHI: Nabadilisha ndani ya ukoo. Kifaa kilichotoka kiwanda kile kile, miaka ile ile, kinachofungwa bila kukata chuma na kufunguliwa bila kuacha kovu.

FUNDI WA GATSATA: Basi tuuzungumze huo ukoo. Mwaka 1974 Peugeot wenyewe waliitoa silinda nne kwenye Coupé wakaweka V6 ya sentimita za ujazo 2,664, mashine waliyoiunda pamoja na Renault na Volvo. Ndugu yake wa ukoo huo huo alikuja kuwekwa hata kwenye DeLorean. Baada ya miaka michache silinda nne ikarudi, zikauzwa zote mbili. Na Coupé iliyoshinda Safari Rally ya 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas, kisha ikashinda mbio za Bandama kule Abidjan mwaka huo huo, ilikuwa na V6. Gari hili limepata jina Afrika likiwa na injini ya pili. Mchoraji hakulia, kiwanda hakikulia. Mbona sisi tulie?

MHIFADHI: Kiwanda kilipobadilisha injini kilibadilisha na breki, springi na radieta, kikalijaribu gari hilo maelfu ya kilomita kabla ya kuliuza. Wewe utalijaribu wapi? Kwenye mteremko wa Nyabugogo?

FUNDI WA GATSATA: Mafundi tunajaribu barabarani, ndiyo, kwa sababu hatuna pengine. Na magari yanarudi nyumbani.

MWENYE GARI: V6 tuiache. Nimeulizia, spea zake huku ni ngumu kuliko za pampu. Mzee, wewe ungeniwekea nini?

FUNDI WA GATSATA: 3RZ ya Toyota. Lita 2.7, petroli, farasi kama 150. Hiace na Hilux na Prado zimeijaza Afrika Mashariki. Plagi utazipata Musanze, gasketi utaipata Rusizi, injini nzima iliyotumika utaipata hapa hapa au Kampala, pale Kisekka. Ikiharibika usiku kijijini, kuna kijana mwenye spana kumi ataifungua.

MHIFADHI: Injini ya Hiace. Ndani ya bodi ya Pininfarina.

FUNDI WA GATSATA: Injini inayowaka. Neno Hiace linakuchoma wewe, gari haliwezi kulisikia.

MHIFADHI: Hiace siidharau, imebeba nchi hii. Naogopa kitu kilicho chini ya sakafu. 504 hii haina propela shafti ya wazi. Shafti inazunguka ndani ya bomba la chuma, na bomba hilo limefungwa kwa bolti nyuma ya gia boksi upande mmoja na kwenye difu upande wa pili. Gia boksi na difu ni kitu kimoja kirefu kigumu. Bomba hilo ndilo linalozuia pua ya difu isiinuke unapokanyaga mafuta. Ukileta 3RZ na gia boksi yake ya Toyota, bomba halina pa kufungwa. Utalitoa. Ukilitoa, difu inabaki imening'inia kwenye maunti za nyuma peke yake, inajipinda kila unapoondoka kwenye taa. Utachomelea mshikizi mpya kwenye sakafu, sakafu ya gari ambalo mwenye nalo amekwisha kulipia kunyooshwa. Kisha utakata kwenye handaki la gia, kwa sababu gia ya Toyota inatokea mahali pengine. Kisha sampu ya injini itagonga krosimemba ya mbele, kwa sababu mashine ya Toyota inasimama wima, haikulala. Kisha boneti haitafunga. Nimesema uongo wapi?

FUNDI WA GATSATA: Boneti nitaifunga. Sampu naikata na kuichomelea upya, kazi ya siku mbili. Kuhusu bomba umesema kweli, ndiyo maana sitaleta gia boksi ya Toyota. Nitabakiza ya Peugeot. Nakereza bamba la aluminiamu, upande mmoja lina matundu ya 3RZ, upande mwingine ya Peugeot, nalinganisha katikati ya krankishafti na shafti ya gia kwa kipimo cha saa, nachonga pailoti beringi mpya. Bomba halijaguswa. Difu haijaguswa. Sakafu haijaguswa.

MHANDISI WA UMEME: Naomba niingie hapo, mzee wangu, kwa sababu hesabu ya bamba hilo ni yangu pia. Injini ya asili inasukuma msokoto wa kama nyutoni-mita 170. 3RZ inasukuma 240. Gia boksi ile ya spidi nne haikuundwa kwa mzigo huo. Gia ya pili italalamika ndani ya mwaka, na spea za gia hizo ndizo adimu kuliko zote. Umeokoa bomba, umeua gia.

FUNDI WA GATSATA: Inategemea mguu wa dereva, binti yangu.

MHANDISI WA UMEME: Mguu wa dereva hauwekewi mpaka. Mota unaiwekea. Natoa mota kwenye Nissan Leaf iliyogongwa, naifunga kwa bamba kama hilo lako, naiwekea mipaka kwenye programu: nyutoni-mita 170, isizidi hata moja. Gia, bomba, shafti, difu, vyote vinaona nguvu ile ile viliyoizoea tangu 1972. Hiyo injini ya asili hatuikati wala kuiuza. Tunaipaka grisi, tunaifunga kwenye kreti. Akija mtu mwaka 2050 mwenye benchi la Kugelfischer, anairudisha.

MHIFADHI: Betri utaziweka wapi?

MHANDISI WA UMEME: Leaf ya kwanza ina moduli 48 za kilowati-saa 24 kwa jumla. Nyingine zinakaa mahali pa injini, nyingine kwenye buti, palipokuwa na tangi.

MHIFADHI: Na pakiti nzima ni karibu kilo 290. Unatoa injini, radieta, tangi na ekzosi, unaweka mota na kilo hizo. Sema kweli, uzito utaongezeka, na mwingi wake utahamia nyuma, kwenye gari ambalo sifa yake kubwa ni springi ndefu laini zilizolifanya lipite mashimo ya Taita na Tsavo. Ukishaweka springi ngumu kubeba betri, umeua jambo ambalo Afrika ililipendea 504 kuliko farasi wake. Na breki zinatumia mvuto wa hewa kutoka kwenye menifoldi ya injini. Hakuna injini, hakuna mvuto. Kwenye mteremko wa kutoka Kigali kwenda Nyabarongo utakanyaga pedali ngumu kama jiwe.

MHANDISI WA UMEME: Pampu ya umeme ya kuvuta hewa ni kitu cha kawaida, magari mengi ya umeme yanayo. Breki zitafanya kazi. Kwenye mteremko huo mota yenyewe inageuka jenereta, inarudisha sehemu ya umeme na kupunguza kazi ya diski. Mji wa milima kama huu ndio mji wa gari la namna hiyo. Na hewa nyembamba haigusi mota hata kidogo. Juu ya springi unayo haki. Nitapunguza moduli. Nitakubali kilomita chache zaidi kuliko kuharibu mwendo wake.

MWENYE GARI: Chache kiasi gani, dada? Kwenda Huye ni kama kilomita 130.

MHANDISI WA UMEME: Kwa pakiti kamili, mpya, ungefika na kubakiwa na kidogo. Kwa pakiti iliyotumika niliyoipunguza, utachaji Muhanga ukienda, na Huye kabla ya kurudi.

FUNDI WA GATSATA: Na watoto wakiwa kiti cha nyuma.

MHANDISI WA UMEME: Ndiyo, wakila mahindi ya kuchoma huku wakisubiri. Mzee, mwaka 2019 Ampersand walipoanza kuweka pikipiki za umeme mjini hapa, madereva walisema hivyo hivyo kuhusu umbali. Leo serikali imekwisha kuamua, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya abiria ya petroli haisajiliwi Kigali. Magari ya umeme yalisamehewa ushuru wa kuingiza na VAT kuanzia 2021. Umeme wetu unatoka kwenye maji, kwenye jua, kwenye gesi ya Ziwa Kivu. Petroli inasafiri kwa malori kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Tukiweka 3RZ leo, tunaweka mashine ambayo mji huu unaiaga. Kituo cha ukaguzi sasa kinapima moshi, wala hakitauliza gari lilichorwa na nani.

MHIFADHI: Moshi wa gari linalotoka Jumapili mbili kwa mwezi usiuweke kwenye mizani moja na wa basi la kila siku. Mji huu una siku za kufunga barabara kwa ajili ya watu kutembea na kukimbia tangu 2016, nami natembea. Sijaona bado mtu aliyehesabu moshi wa kutengeneza betri moja, kuisafirisha, na kuitupa ikichoka, akaulinganisha na petroli ambayo Coupé hii itaichoma kwa maisha yaliyosalia. Zaidi ya hayo, FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoundwa 1966, lilipitisha Mkataba wake mwaka 2012, nao unaitwa Mkataba wa Turin, mji ule ule gari hili lilipochorwa. Kwao gari la kihistoria ni la miaka 30 na zaidi, limetunzwa katika hali sahihi ya kihistoria. Wamesema wazi kuwa lililogeuzwa la umeme haliingii tena humo.

MHANDISI WA UMEME: Na hao hao wanashauri kuwa anayegeuza afanye kwa namna inayoweza kurudishwa, na vipuri vya asili vitunzwe. Nimesema nini tofauti? Ufaransa, nchi ya Peugeot, iliweka kanuni mwaka 2020 za kugeuza magari yenye umri zaidi ya miaka mitano kuwa ya umeme kihalali. Jaguar walionyesha E-Type ya umeme, naye Prince Harry akaiendesha siku ya harusi yake 2018. Roam ya Nairobi, ilipokuwa bado inaitwa Opibus, iligeuza magari ya watalii ya Land Cruiser, na ndege wa mbugani hawakukimbia tena kelele.

MHIFADHI: Land Cruiser ya kazi, igeuzeni zote. Nitawashika mkono. Gari la kazi lina haki ya kubadilika na kazi yake. Mimi nazungumzia gari moja kati ya machache.

MWANDISHI: Hapa naomba niingilie kidogo, kwa sababu naona wote watatu mnazungumza kana kwamba kuna jopo mahali fulani litakalotoa cheti. Rwanda huendesha upande wa kulia wa barabara, na magari ya usukani wa kulia yalipigwa marufuku kuingizwa tangu 2005. Kwa hiyo magari ya kale ya Kenya, Uganda na Tanzania hayaji huku, na tuliyo nayo sisi ni machache mno, mengi yao ya Kifaransa na Kijerumani. Swali langu ni la uchache huo. Unamfunga mwenye gari aitunze asili, au unamfungua afanye chochote ili liishi?

FUNDI WA GATSATA: Unamfungua. Nakueleza kwa nini. Mnaliita gari la asili kana kwamba asili yake iliishia Sochaux. Mimi nimezifungua 504 za Kigali, za Bujumbura, za Goma. Hakuna hata moja iliyonifikia ikiwa kama ilivyotoka kiwandani. Pampu ya maji ya gari jingine, alternata ya Toyota, springi zilizoongezwa vipande, radieta iliyochomelewa mara tano. Wenyewe kule Ulaya waliziacha zikatupwa jalalani, sisi tuliziendesha. Ikiwa 504 ina utukufu duniani, nusu yake imetengenezwa chini ya miti kama ule pale nje, na watu wasiokuwa na kitabu cha Peugeot. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ukiniambia leo kuwa historia ni bolti iliyotoka kiwandani, na ile niliyoikereza mimi ni uchafu, basi umenifuta mimi kwenye historia ya gari nililoliweka hai.

MHIFADHI: Sikufuti, mzee. Nisikilize vizuri. Kwa sababu tulifanya hivyo kwa magari yote, tena kwa shida, wala hatukuwa na la kuchagua, leo mwanafunzi wa chuo cha ufundi pale Kicukiro akitaka kuona 504 jinsi walioiunda walivyoifikiria, lazima apande ndege aende kwenye makumbusho ya Peugeot ya Sochaux. Kila 504 aliyoiona barabarani ni ufumbuzi wa tatizo. Hajapata kuona kitu chenyewe. Maelfu ya magari yaliyorekebishwa tunayo kichwani na mikononi mwako. Naomba moja, moja tu, ibaki sahihi, ili ufundi wako uwe na cha kupimwa nacho. Usiache mbachao kwa msala upitao.

FUNDI WA GATSATA: Huo mbachao nimeulalia mimi miaka yote. Huyo mwanafunzi wa Kicukiro, je, nani atamfundisha kuvuta slivu? Wewe utampa kitambaa cha kufutia vumbi.

MHIFADHI: Wewe utamfundisha! Hapo ndipo nashindwa kukuelewa. Kufufua injini hii ndiyo kazi pekee kati ya hizi tatu inayohitaji kila kitu unachokijua. 3RZ kijana yeyote anaifunga. Mota ya Leaf inafungwa na mtu wa kompyuta. Kuvuta slivu, kupima kimo chake, kufunga mnyororo wa taimingi, kuchagua jeti kwa hewa ya mita 1,500, kusikiliza valvu kwa sikio, hiyo ni elimu yako. Nawe unanishauri niitupe?

FUNDI WA GATSATA: Sijashauri uitupe. Nimeshauri mwenye gari asifilisike akiisubiri.

MHANDISI WA UMEME: Nami nisikilizwe kuhusu hao vijana. Mnasema mtu wa kompyuta kana kwamba ni mtu wa nchi nyingine. Pakiti ya Leaf ina volti kama 360 za mkondo mnyoofu; ukiishika vibaya hakuna wa kukuamsha. Kuunganisha basibaa, kupima uvujaji wa umeme kwenye chesisi, kupanga moduli zisizochoka sawasawa, kuchomelea sanduku linalostahimili ajali, hiyo ni kazi ya mikono. Wanaoijua katika mji huu wanaongezeka kila mwaka, na wengi walianzia kwenye pikipiki. Desemba 2024 FIA, wasimamizi wa mbio za magari duniani, walifanya mkutano wao mkuu na kutoa tuzo zao hapa Kigali, mara ya kwanza barani Afrika, na Rais akatangaza kuwa tunaomba mashindano ya Formula 1. Vijana waliolishuhudia hilo wanataka gari la mbio la kulishika leo. Mkiwaonyesha Coupé inayopanda mlima wa Rebero kimya, watauliza imetengenezwaje. Mtawapata hapo.

MHIFADHI: Watauliza kuhusu mota. Hawatauliza kuhusu Coupé.

MHANDISI WA UMEME: Labda. Lakini wataliona. Likiwa bovu chini ya turubai hawatauliza chochote.

MWENYE GARI: Mmeniacha nyuma kidogo. Nikubali kitu ambacho kimenielemea tangu mwanzo: nataka kulisikia. Nimewahi kupanda 504 nikiwa mtoto, kiti cha nyuma, tukipanda kutoka Nyabugogo, na ile sauti nzito ya mashine ikibadilishiwa gia ya pili bado ninayo masikioni. Dada, mota yako haitanipa hiyo. Mzee, na 3RZ haitanipa hiyo. Lakini siwezi kuwaambia watoto wangu kuwa tutakwenda Huye pampu itakaporudi kutoka Ujerumani.

MHANDISI WA UMEME: Hilo nalikubali bila ubishi, kaka. Sauti sina. Sitakuwekea spika ya kuidanganyia.

FUNDI WA GATSATA: Kwa kabureta utaipata. Nimeona tu niseme.

MWANDISHI: Mzee, umesogea?

FUNDI WA GATSATA: Sijasogea. Nasema injini ifunguliwe kwanza. Tumebishana juu ya mgonjwa ambaye hajapimwa. Nikivuta hedi nikakuta maji yamekaa kwenye silinda moja tu, na krankishafti ni nzima, basi slivu na kabureta ni kazi ya wiki chache, na huyu ndugu yangu ameshinda. Nikikuta krankishafti imepasuka au bloku imetobolewa na kutu, 3RZ inakuja.

MHIFADHI: Hata ikipasuka sikubali. Bloku ya lita mbili ya 504 pikapu bado inapatikana Kenya. Inaingia bila kukata kitu.

FUNDI WA GATSATA: Bloku ya pikapu. Namba nyingine imegongwa juu yake, imefungwa Mombasa na si Ufaransa, na kabureta mahali pa pampu. Niambie sasa, ndugu yangu, umebakiza nini cha 1972 chini ya boneti ambacho mimi ningekiharibu?

MHIFADHI: Ule ulalo wa nyuzi 45. Bomba la shafti likiwa limefungwa kama walivyolifunga wao. Gia zinazobeba mzigo wake. Na sauti anayoitaka mwenye gari. Atakayefungua boneti baada yetu atakuta wazo la waliolichora, hata kama chuma ni cha ndugu yake wa pikapu. Ukikuta 3RZ humo, wazo lenyewe ndilo limeondoka.

MHANDISI WA UMEME: Akifungua yangu atakuta masanduku ya betri, mchoro wa wayaringi uliobandikwa ndani ya boneti, na nje kreti yenye injini halisi, pampu halisi, namba halisi. Kati yetu watatu, mimi peke yangu ndiye nisiyegusa chuma cha 1972. Pikapu yako inakigusa, mzee wangu. Utatoa bloku ya asili uiweke wapi?

MHIFADHI: Kwenye kreti.

MHANDISI WA UMEME: Basi kreti tunazo wote wawili.

MWENYE GARI: Jumamosi tunavuta hedi, hapa Gatsata, saa mbili asubuhi. Mzee alete pula ya slivu. Wewe ulete bei ya bloku ya Kenya, iliyoandikwa, pamoja na usafiri na ushuru. Na wewe, dada, niletee uzito wa kila moduli na mahali utakapoifunga, kwa kuchora. Nitaamua nikiwa nimeshaiona hiyo krankishafti kwa macho yangu.